UZI: Nyanda za Juu za Algeria, ambako zamani nyasi ndiyo iliyoamua idadi ya kondoo

Mwanamalisho (mleta uzi)

Wadau wa jukwaa hili, salaam kwenu nyote. Naomba kuleta mada ya nchi ya mbali kidogo, kwa sababu ni mada ya watu wanaoishi kwa mifugo mahali penye mvua haba, na wengi wetu humu tumetoka katika watu wa namna hiyo. Nilipata nafasi ya kusoma Algeria, na katika muda ule nilisafiri mara kadhaa kwa basi kutoka Algiers kwenda Djelfa, mji ulio kilomita 300 hivi kusini. Ukishavuka milima ya Atlasi ya Tell, mashamba ya ngano na mizeituni hupungua, na mbele yako hutandaa uwanda ambao jicho haliufikii mwisho: ardhi ya rangi ya majivu, vishungi vya nyasi vilivyoachana kama watu wasiosalimiana, na kondoo weupe wanaotembea bila kuinua vichwa.

Wakoloni wa Kifaransa waliuita Hauts Plateaux, yaani Nyanda za Juu. Uwanda huo umelala kati ya safu mbili za milima, Atlasi ya Tell kaskazini na Atlasi ya Sahara kusini, kuanzia mpaka wa Morocco na kuelekea mashariki hadi upande wa Tunisia. Sehemu zake za magharibi ziko kati ya mita 900 na 1,200 juu ya usawa wa bahari, ingawa bonde la Hodna limezama hadi mita 400 hivi. Malisho yote ya nyika hiyo huhesabiwa kuwa takriban hekta milioni 20, kati ya mstari wa mvua ya milimita 400 kwa mwaka upande wa kaskazini na ule wa milimita 100 upande wa kusini.

Msomaji wa Dodoma atasema kwamba hata kwao ni kame. Ni kweli, lakini Dodoma hupata zaidi ya milimita 500, tena hupata wakati jua ni kali na mmea uko tayari kukua. Kule mvua huja majira ya baridi, usiku wa barafu na pengine theluji, wakati mmea umeganda. Joto likija, mvua imekwisha. Kwa hiyo mmea hupata majuma machache tu ya masika ya huko, kati ya Machi na Mei, na kipindi kifupi cha vuli, ambapo maji na joto hukutana. Chochote kitakacholiwa mwaka mzima ni lazima kiote katika dirisha hilo dogo, na ndiyo sababu mimea ya pale imejengeka kuwa na subira kuliko kasi.

Mkubwa wao ni alfa. Wataalamu wa mimea waliipa jina Stipa tenacissima, na siku hizi wengine huiita Macrochloa tenacissima. Ni nyasi ya kudumu inayoota kwa vishungi vikubwa, na jani lake hufika hata mita moja. Hali ikiwa ya unyevu jani hufunguka na kuwa bapa. Ukame ukija hujiviringisha likawa kama uzi mgumu, na vitundu vya kupumulia vikabaki ndani, mbali na upepo mkavu unaotoka Sahara. Kishungi kimoja ni kama kisiwa. Udongo ulio wazi kati ya vishungi hushika ganda gumu, maji ya mvua huteleza juu yake hadi yakutane na shina la alfa, na hapo hutua pamoja na vumbi, majani makavu na mbegu za mimea midogo. Ondoa kishungi, na kisiwa chote husombwa na upepo.

Jambo lililonishangaza ni kwamba nyasi hii, iliyotawala mamilioni ya hekta katika nchi ya kondoo, kondoo hawaipendi. Jani lake limejaa nyuzi na lishe yake ni hafifu. Mnyama hutafuta machipukizi laini na masuke machanga ya masika, na jani lililokomaa hulila pale tu anapokosa kingine. Naamini ndilo lililoiweka alfa hai kwa karne nyingi: ilikuwa akiba ya mwaka mbaya, chakula kisichotamanika, na kwa hiyo hakikumalizwa mwaka mzuri.

Walioitamani walikuwa watu. Kwa muda mrefu wenyeji waliisuka kamba, mikeka na vikapu. Kisha, miaka ya 1850, Waingereza waligundua kwamba nyuzi zake fupi na nyororo hutengeneza karatasi nzuri ya kuchapia, na meli zikaanza kubeba marobota ya alfa kwenda Uingereza. Mwaka 1879 reli kutoka bandari ya Arzew ilifika Saïda, na mzigo wake mkuu ulikuwa nyasi hiyo. Wavunaji, wengi wao Wahispania, hawakutumia mundu. Mtu huzungusha konzi la majani kwenye kijiti na kuvuta kwa nguvu, jani likachomoka na shina likabaki. Mwaka 1881, katika uasi dhidi ya utawala wa Kifaransa ulioongozwa na Cheikh Bouamama, kambi za wavunaji hao karibu na Saïda zilishambuliwa na wengi wakauawa. Baadaye reli ikasukumwa kusini zaidi, hadi Aïn Séfra mwaka 1887, safari hii kwa ajili ya askari kama ilivyokuwa kwa ajili ya nyasi.

Mmea wa pili ni shihi, Artemisia herba-alba, ndugu wa pakanga tunayoijua sisi. Ni kichaka kifupi cha rangi ya kijivu, hakimfiki mtu magotini, na harufu yake hukupokea kabla hujashuka kwenye basi. Majira ya mvua huwa na majani makubwa kiasi. Kiangazi kikikaribia huyaangusha na kubaki na vijani vidogo mno, ili kisipoteze maji. Hiki ndicho kondoo wanachokipenda hasa, na wenyeji wa Djelfa watakuapia kwamba nyama ya kondoo aliyekula shihi huijua mtu kwa harufu tu ikiwa bado sufuriani. Akina mama huchemsha majani yake kwa maumivu ya tumbo.

Mingine nitaitaja kwa ufupi. Sennagh, Lygeum spartum, hushika pale penye mchanga au jasi. Kandokando ya maziwa ya chumvi kama Chott ech Chergui na Chott el Hodna huota mimea inayostahimili chumvi, hasa guettaf, Atriplex halimus, ambayo mifugo huila vizuri ikiwa kuna maji ya kunywa karibu. Wenyeji hutofautisha: chott ni ukingo wenye majani ya kuchungia, sebkha ni kitovu cheupe cha chumvi ambacho hakioti kitu.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Olkitok wa Longido

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo. Mimi ni mfugaji, na swali langu ni la mfugaji. Umesema malisho huota majuma machache tu, na nyasi kubwa kuliko zote hailiwi. Sasa hao watu waliwezaje kuwa na kondoo mwaka mzima? Sisi tungehama.

Mwanamalisho

Mkuu, umelijibu swali lako mwenyewe: walihama, na walihama kwa utaratibu ambao ungeutambua mara moja.

Kulikuwa na safari mbili. Ya kwanza huitwa achaba, na jina lake linatokana na neno la Kiarabu la majani mabichi. Kiangazi kilipoanza, makundi yalipanda kaskazini hadi mashamba ya nafaka ya Tell, yakafika wakati ngano na shayiri zimekwisha kuvunwa, yakala mabua na kuacha samadi. Mkulima alifaidika na mfugaji alifaidika. Safari ya pili ni azzaba: baridi ilipokaza, makundi yalivuka Atlasi ya Sahara kwenda kusini, ukingoni mwa jangwa, ambako usiku si mkali kama uwandani na ambako mvua ikinyesha huota majani ya muda mfupi yaitwayo acheb, yanayochipua, kutoa maua na kufa katika majuma machache. Kwa hiyo uwanda wenyewe ulilishwa masika na vuli, na ulipumzika wakati shihi inatoa mbegu na wakati machipukizi ya alfa yanakomaa.

Kondoo wenyewe walitengenezwa na safari hizo. Ouled Djellal ni mweupe, mrefu, mwenye miguu ya kutembea siku nzima, na leo ndiye aliyeenea kuliko wote. Hamra ni mwekundu wa kahawia, wa nyanda za magharibi karibu na mpaka wa Morocco, mdogo wa umbo, mstahimilivu wa baridi na upepo. Idadi yake imepungua sana kwa sababu wafugaji wamemfuata Ouled Djellal mwenye mwili mkubwa. Na yuko Rembi, wa upande wa Djebel Amour, mwenye kichwa cha rangi ya hudhurungi, ambaye husifiwa kwa meno imara yanayochelewa kuisha, hivi kwamba huweza kutafuna vichaka vigumu kwa miaka mingi wakati wengine wamekwisha kuwa vibogoyo. Kwenye nchi ya vichaka, mkuu, unajua maana ya meno.

Mdadisi wa Mvua

Nina shaka na mwelekeo wa mada. Nimesoma mara nyingi kwamba Afrika Kaskazini imekauka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Ikiwa mvua imepungua, basi hata kama wafugaji wangefanya kila kitu sawasawa, alfa ingekufa. Tusiwabebeshe wafugaji mzigo wa mbingu.

Mwanamalisho

Hoja yako ni nzito, nami sitaipuuza. Ni kweli kwamba kuanzia miaka ya 1970 uwanda huo ulipata miaka mingi ya ukame mfululizo, na ukame huo uliumiza. Lakini ukame si mgeni pale. Mwaka 1945 ulikuwa wa kutisha: mvua ilikosekana, kondoo walikufa kwa kiwango kilichofuta sehemu kubwa ya mifugo ya nchi, na watu walikufa njaa. Miaka iliyofuata mvua ilirudi, midomo ilikuwa michache, na malisho yaliinuka. Sisemi hivyo kana kwamba ilikuwa heri. Familia zilizopoteza kila kitu hazikuona heri yoyote. Nasema tu jinsi mambo yalivyokuwa yakienda: nyasi ikipungua, kondoo walipungua, na nyasi ikapata nafasi ya kupona.

Kilichobadilika baadaye ni kwamba uhusiano huo ulikatika, na ulikatwa na vitu viwili vya kawaida kabisa, lori na gunia la shayiri. Lori lilibeba maji hadi mahali ambapo zamani hapakuchungiwa kiangazi kwa kukosa kisima, na lilibeba kondoo usiku mmoja hadi popote iliposikika kwamba mvua imenyesha, hata kabla majani hayajafika urefu wa kidole. Shayiri, ambayo kuanzia miaka ya 1970 serikali iliagiza kutoka nje na kuiuza kwa bei yenye ruzuku, iliwaweka kondoo hai mwaka ambao uwanda haukuwa na kitu. Ni jambo jema kumwokoa mnyama wa mtu. Lakini kondoo anayelishwa shayiri hafungiwi ndani. Asubuhi hutoka, na hutafuna chochote chenye ukijani ili tumbo lijae nyuzi. Ndiyo maana hata alfa isiyopendwa ilianza kuliwa hadi shinani, mwaka hadi mwaka, bila mapumziko. Wakati wa uhuru mwaka 1962 nchi nzima ilikuwa na kondoo wasiofika milioni 8. Takwimu za miaka ya 2010 zilipita milioni 25, na wengi wao ni wa nyika hiyo.

Ongeza plau la sahani linalokokotwa na trekta. Watu walilima nyika ili wapate shayiri kidogo, au ili tu waonekane wamiliki wa kipande kile. Sahani zile hung'oa shihi na mizizi yake yote, mavuno ni machache, na mwaka wa pili udongo umeondoka. Sheria ya malisho ya Juni 1975 ilikataza kulima nyika na kuifanya ardhi hiyo kuwa mali ya taifa. Nia ilikuwa njema, lakini ilidhoofisha mamlaka ya makabila juu ya malisho yao, yale yaliyojua nani alishe wapi na lini, na mahali pake hapakuwekwa mlinzi mwenye nguvu. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko lori.

Vituo vya utafiti vilivyo kusini mwa Oran, vilivyoanza kupima malisho miaka ya 1970, vilishuhudia alfa iliyokuwa imefunika uwanda ikitoweka karibu yote kwa muda wa miaka ishirini hivi. Ukame uliisukuma, ndiyo. Lakini ulikuta imekwisha kudhoofishwa.

Na kuna mimea inayokuonyesha jambo hilo kwa macho. Karibu na visima na vijiji utakuta harmel, Peganum harmala, mbichi na yenye afya mahali ambapo kila kitu kimekufa. Ina sumu na mifugo haiigusi. Mzee mmoja mchungaji aliniambia kwamba akiona harmel imeongezeka mahali, hana haja ya kuuliza kondoo wangapi wamepita.

Binti Tandawala

Samahani kwa kuingilia mjadala wa mifugo. Je, hakukuwa na wanyama wa porini? Uwanda mkubwa namna hiyo hauwezi kuwa wa kondoo tu.

Mwanamalisho

Walikuwapo, dada, na hapa kuna jambo litakalokugusa kama mtu wa Afrika Mashariki. Mnyama mkubwa wa nyanda hizo alikuwa kongoni. Sisemi mnyama anayefanana na kongoni. Ni spishi ileile ya Alcelaphus buselaphus tunayoiona Serengeti na Tarangire, ila tawi lake la kaskazini, lenye pembe zilizopinda kama herufi U. Wawindaji na bunduki walimmaliza. Yule wa mwisho anayejulikana kuwa alifugwa alikufa Paris mwaka 1923, na porini akatoweka katika miaka hiyohiyo. Leo hakuna hata mmoja. Tunapowaona wetu wakisimama juu ya vichuguu, tunatazama jamaa wa ukoo uliopoteza tawi zima.

Mbuni pia waliishi huko, nao wamekwisha. Waliobaki wako pembezoni: swala wa Cuvier kwenye vilima vyenye misonobari, kondoo-mwitu mwenye ndevu ndefu kifuani, Ammotragus lervia, kwenye majabali ya Atlasi ya Sahara, na swala dorkasi upande wa jangwa. Ndege uliyejipa jina lake yuko pia: tandawala aitwaye houbara, ambaye huwindwa kwa vipanga na ambaye idadi yake imeporomoka kwa sababu hiyo.

Ukitaka kujua zamani zaidi, nenda kwenye miamba ya Atlasi ya Sahara. Michoro ya Tiout, karibu na Aïn Séfra, iliandikwa habari zake tangu mwaka 1847. Milimani mule kuna tembo, mbuni, na nyati wa kale mwenye pembe ndefu mno ambaye hayupo tena duniani, na pia kuna kondoo dume wenye kitu kama tufe kichwani. Waliochonga picha hizo walikuwa wakitazama uwanda huuhuu ukiwa na maji mengi zaidi.

Ngitili ya Baba

Nimefuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu kwetu Shinyanga tulipoteza miti na majani yote, na tangu mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uanze mwaka 1986 tumerudisha mengi kwa kufufua ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua na kuifungua kiangazi. Je, kule hawajajaribu? Na kama wamejaribu, nini hurudi kikifungwa?

Mwanamalisho

Wamejaribu njia mbili, na matokeo yake hayafanani.

Njia ya kwanza ni kupanda miti. Mwaka 1974 serikali ya Rais Houari Boumediène ilianzisha Kizuizi cha Kijani (Barrage vert), mkanda wa msitu uliokusudiwa kuwa na urefu wa kilomita 1,500 kutoka mpaka wa Morocco hadi wa Tunisia, na upana wa kilomita 20 hivi, ukipandwa na vijana wa jeshi la kujenga taifa lao. Walipanda hasa msonobari wa Aleppo. Juhudi ya vijana wale naiheshimu kwa dhati, maana walichimba mashimo kwenye ganda la chokaa kwa baridi na kwa jua. Lakini sehemu kubwa ya mkanda huo ilipita mahali ambapo udongo ni mwembamba na mvua haitoshi msonobari, aina moja ikapandwa kila mahali, viwavi wakashambulia, na malisho ya watu yakazungushiwa miche bila wao kuulizwa. Miti iliyoshika vizuri ni ile ya milimani, ambako misonobari ilikuwapo tangu awali.

Njia ya pili ndiyo ngitili yenyewe, kwa jina jingine. Taasisi ya maendeleo ya nyika, iliyoundwa mwaka 1981 na yenye makao yake Djelfa, hufunga maeneo kwa miaka kadhaa kisha huyafungua kwa malipo, na mahali pengine hupanda guettaf na mpungate kwa ajili ya lishe. Kinachorudi kinategemea kilichobaki. Penye mabaki ya shihi na mchanga haujafunika ganda la udongo, shihi hurudi kwa mbegu, maana mbegu zake ni nyepesi na nyingi mno, na ndani ya miaka mitatu au minne mtu huona tofauti kati ya ndani na nje ya mpaka. Mimea midogo ya masika hurudi mapema zaidi.

Hata betoum, Pistacia atlantica, mti mkubwa wa jamaa ya pistachio unaoota katika mabonde madogo ya kusini yaitwayo daya, una namna yake ya kurudi. Mche wake ukiota mahali wazi huliwa siku hiyohiyo. Ukiota katikati ya kichaka cha mkunazi wa huko, Ziziphus lotus, miiba huulinda hadi upite urefu wa mdomo wa mbuzi. Kisha mti hukua kwa mamia ya miaka. Ukikata kuni za mkunazi umeukata betoum ambao haujazaliwa, na wachungaji wazee wanalijua hilo.

Alfa ni habari nyingine, nami nasikitika kuisema. Haioti kwa mbegu kwa urahisi. Hujieneza kwa mashina ya chini ya ardhi: kishungi kinapozeeka, katikati yake hufa na kuacha pete ya majani hai, pete hiyo hukatika vipande, na kila kipande huanza kuwa kishungi kipya. Kazi hiyo huchukua miongo. Kwa hiyo penye vishungi dhaifu vilivyo hai, kufunga husaidia, na majani hurefuka mwaka wa kwanza wenye mvua. Penye visiki vikavu, ukifunga miaka kumi utapata shihi kidogo, sennagh kama kuna mchanga, na mimea ya miiba, lakini alfa hutaiona. Ndiyo maana niliuliza wenyeji, kila tulipopita mahali palipofungwa, si miaka mingapi pamefungwa bali palikuwa na nini siku ile mpaka ulipowekwa.